Pipa la DOP halifai kuwekea maji ya nyumbani

Swali: Nafanya kazi Dar es Salaam kwenye kiwanda cha mipira ya maji na mikeka ya plastiki, kitengo cha kuchanganya. Kila siku namimina mafuta tunayoyaita DOP, ya kulainisha, kwenye unga wa plastiki iitwayo PVC. Mapipa yakiisha tunauziwa kwa bei chee. Nilinunua moja, nikaliosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, na ndilo tunalohifadhia maji nyumbani. Mke wangu ana ujauzito wa miezi miwili. Jirani anasema kemikali hiyo inaleta kansa na kumaliza nguvu za kiume. Msimamizi wetu anasema haina neno, kwa sababu hata mifuko ya damu hospitalini inayo, na isitoshe tunapewa nusu lita ya maziwa kila siku ya kuondoa sumu. Nimwamini nani?

Jibu: Ndugu yangu, pole na kazi, na hongereni kwa ujauzito. Kabla ya maelezo yoyote, fanya jambo moja leo hii. Maji yaliyomo kwenye pipa hilo msinywe, msipikie, wala msiogee. Yatumieni kusukumia choo mpaka yaishe, kisha pipa litoke ndani. Tafuteni madumu ya lita 20 yaliyokuwa na mafuta ya kula, au ndoo mpya zenye mifuniko. Ukishamaliza hilo, keti usome kwa utulivu, maana habari si mbaya kama alivyokutisha jirani. Ila si nyepesi kama anavyosema msimamizi.

Mnachokiita DOP, jina lake kamili ni di-2-ethilhexili thaleti, kwa kifupi DEHP. Jina DOP limekaa sokoni miaka mingi, likiwa kifupi cha dioktili thaleti, lakini ipo dioktili thaleti nyingine ambayo ni kemikali tofauti. Ndiyo maana vijana wanaofanya kazi nami huwa nawaambia: jina la dukani liacheni, someni namba. Kila kemikali ina namba yake ya usajili iitwayo namba ya CAS, na ya DEHP ni 117-81-7. Kesho ukifika kazini itafute kwenye lebo ya pipa. Nitakuambia mbele kwa nini nakusumbua na namba.

Hutengenezwa kwa kuunganisha anhidridi ya thaliki na alkoholi iitwayo 2-ethilhexanoli. Kinachotoka ni mafuta mazito kiasi, meupe kama maji au yenye umanjano wa mbali, na harufu yake ni hafifu mno. Yanachemka kwenye nyuzi 385 hivi, kwa hiyo kwenye joto la kawaida la Dar hayapotei hewani kama petroli. Lita moja ina uzito wa gramu 980 hivi, kwa hiyo yanaelea juu ya maji kwa taabu. Katika maji hayayeyuki karibu kabisa. Lakini ukiyakutanisha na mafuta mengine, yawe ya alizeti, ya samaki au ya mwilini, yanachanganyika humo bila shida yoyote. Shika sana hilo la mafuta, kwa sababu mengi nitakayokueleza yanatoka hapo.

Wewe mwenyewe umeshaona mikisa, ile mashine ya kuchanganyia, inavyofanya kazi. Unga ukimiminiwa DOP, mwanzo unalowa na kugandana kama unga wa maandazi uliozidi maji. Joto likifika nyuzi 80 au 90, matonge yanaanza kuachiana, na baada ya dakika chache unga unatiririka mkavu tena. Ukiufikicha mkononi, hauachi utelezi. Mafundi husema unga umekunywa. Ni kweli umekunywa, lakini haukuungana. Minyororo ya PVC kwa asili inavutana kwa nguvu, na ndiyo sababu bomba la maji la PVC isiyolainishwa ni gumu namna ile. DOP inajipenyeza katikati ya minyororo na kuitenganisha ili iweze kuteleza. PVC tupu huanza kulainika karibu na nyuzi 80, lakini iliyokunywa DOP ya kutosha inabaki laini hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Katika mpira wa bustani, theluthi ya uzito au hata zaidi inaweza kuwa hayo mafuta. Yamekaa tu humo. Hakuna kifungo cha kikemia kinachoyashika.

Na kitu kisichofungwa kinaondoka. Angalia nailoni ya mezani iliyokaa dirishani miaka mitatu ilivyokakamaa na kupasuka kwenye mikunjo: jua limechangia, lakini sehemu kubwa ya ulaini wake ilikwishahama. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa waya wa umeme ulioachwa juu ya lile povu jeupe la kufungashia televisheni. Baada ya miezi ukiunyanyua, unakuta umechimba mfereji kwenye povu, na mfereji wenyewe unanata. Hakuna aliyeuchoma. Mafuta ya kulainisha yametoka kwenye ganda la waya yakaingia kwenye povu. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza stoo, nikiwa kijana, ndipo nilipoelewa kwamba kemikali hii haikai pale ulipoiweka.

Sasa hoja ya msimamizi. Mifuko ya damu ni kweli. Carl Walter na William Murphy wa Marekani walileta mfuko wa plastiki wa damu mwaka 1950, kuchukua nafasi ya chupa za kioo, na plastiki iliyotumika ni PVC iliyolainishwa. Mwaka 1970 Robert Jaeger na Robert Rubin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wakaonyesha kwamba kilainisho hicho kinatoka kwenye plastiki na kuingia ndani ya damu, maana damu ina mafuta yake. Ajabu ni kwamba DEHP hiyo inayovuja inasaidia ngozi ya chembe nyekundu isipasuke mapema, na damu huweza kutunzwa mpaka siku 42. Lakini msimamizi hakukumalizia habari. Mtu anayemwaga damu baada ya ajali akikosa damu anakufa, kwa hiyo daktari anapima hatari ndogo dhidi ya kifo. Na hata huko hospitalini, mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwashauri madaktari watafute vifaa visivyo na DEHP kwa watoto wachanga wa kiume, wajawazito wenye mimba za kiume na wavulana wanaobalehe. Kwako hakuna anayeokolewa na pipa. Mnahifadhia maji tu, na chombo kingine kipo.

Kinachowadanganya watu wengi ni kwamba DOP haina sumu ya papo kwa papo. Katika majaribio ya panya, ili kuua nusu yao kwa kuwalisha mara moja, inahitajika gramu 30 hivi kwa kila kilo ya uzito; chumvi ya mezani huua kwa karibu gramu 3. Ikikumwagikia haikuunguzi, ukiinusa huzimii, na kwenye ngozi isiyo na jeraha inapenya polepole sana. Kwa hiyo watu wanaosha nayo mikono, wanapaka kwenye bawaba za milango, wanakaa juu ya mapipa na kula chakula cha mchana. Ningependa ingekuwa inawasha kidogo. Ingewalinda wengi.

Madhara yake yako kwingine. Ikifika tumboni, vimeng'enya vinavyosaga mafuta vinaikata na kuwa kipande kiitwacho MEHP, na hicho ndicho kinachofanya fujo. Kwa panya, kinashambulia seli za korodani, zile zinazolea mbegu na zile zinazotengeneza homoni ya kiume. Panya mjamzito akilishwa, watoto wake wa kiume huzaliwa na homoni pungufu, baadhi korodani zao hazijashuka, na wengine tundu la mkojo limetokeza mahali pasipo pake. Kwa mtoto wa binadamu, kipindi ambacho homoni hiyo inaunda maumbile ya kiume ni kati ya wiki ya 8 na ya 14 ya ujauzito. Hesabu mwenyewe mkeo yuko wapi. Ndiyo sababu nimeanza na pipa kabla ya salamu ndefu.

Nikuambie ukweli pia kwamba kipimo cha panya wale kilikuwa kikubwa kuliko anachokutana nacho mtu wa kawaida. Ushahidi wa binadamu upo, kama utafiti wa Shanna Swan wa mwaka 2005 uliowalinganisha wajawazito kwa kiasi cha mabaki ya thaleti (kundi la kemikali ambamo DEHP imo) kwenye mkojo wao na maumbile ya watoto wao wa kiume, ila hauna uzito sawa na ule wa maabara. Hata hivyo wasimamizi wa sheria hawakusubiri. Umoja wa Ulaya umeiweka DEHP kwenye kundi la kemikali zinazodhuru uzazi wa binadamu, ikabanwa kwenye vitu vya kuchezea watoto isizidi asilimia 0.1, Marekani ikaweka kiwango hicho hicho mwaka 2008. Tangu Februari 2015 kiwanda cha Ulaya hakiruhusiwi kuitumia bila kibali maalumu.

Kwa hiyo jirani amekaribia, ila amechanganya. Akisema nguvu za kiume, watu huelewa tendo la ndoa, na hilo silo lililothibitika. Suala ni mbegu, na zaidi sana ni umbile la mtoto aliye tumboni. Kuhusu kansa, panya waliolishwa muda mrefu walipata uvimbe wa ini. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwahi mwaka 2000 kuishusha DEHP kwenye kundi la zisizoweza kuainishwa, kwa hoja kwamba ini la panya linaichukua tofauti na la binadamu. Tathmini ya mwaka 2011 ikairudisha kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Si sawa na kusema inasababisha. Mimi nikipanga hofu zangu, ya saratani naiweka nyuma ya ile ya ujauzito.

Habari njema, nayo ni kubwa: mwili hauiweki kama unavyoweka risasi au zebaki. Sehemu kubwa ya ulichomeza inatoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Ukikata njia inakoingilia, mwili wako na wa mkeo unajisafisha wenyewe, bila dawa. Tatizo la mfanyakazi ni kwamba kila asubuhi anajaza upya.

Turudi kwenye pipa, ujue kwa nini kuliosha mara tatu hakukutosha. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaruhusu mikrogramu 50 kwa siku kwa kila kilo ya mtu, ukijumlisha DEHP na ndugu zake wachache. Kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo ni miligramu 3. Tone moja la mafuta lina kama miligramu 25 au 30, yaani posho yake ya siku nane mpaka kumi. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 8 kwa lita. Chukua kijiko kimoja cha chai cha DOP, gramu 5 hivi: kikigawanywa sawasawa, kinatosha kufikisha zaidi ya lita 600,000 kwenye kiwango hicho. Ni mapipa 3,000 kama lako. Sisemi kijiko chote kitaingia kwenye maji. Kingi kitaganda kwenye kuta au kuelea juu kama utando. Lakini ukichota kwa kopo, unachota huo utando kwanza. Na kijiko kimoja kubaki kwenye ukingo wa ndani, pale bati la kitako lilipokunjiwa na la ubavu, ni jambo la kawaida kabisa. Pitisha kitambaa cheupe kikavu kwenye huo mkunjo uone.

Mbaya zaidi ni pipa kama hilo kutiwa mafuta ya kula. Miaka mingi iliyopita, kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi kiliuza mapipa getini kama chenu. Siku moja nikamkuta mama lishe jirani na stendi anachota mafuta ya kukaangia kwenye pipa ambalo lebo yake ilikuwa bado imebaki nusu. Niliitambua lebo kwa sababu nilikuwa nimeisaini mwenyewe wakati wa kupokea mzigo. Nilimnunulia dumu jipya, lakini nilikwishachelewa kwa wateja wangapi sijui, na jambo hilo bado linaniuma. Na si makosa ya kutojua tu yanayotokea. Mei 2011 huko Taiwani iligundulika kwamba kiungo cha kuvifanya vinywaji vionekane vizito kilikuwa kimetiwa DEHP makusudi badala ya mafuta ya mawese, kwa sababu ni rahisi. Vinywaji vya wanamichezo, juisi na jeli vikaondolewa madukani kwa wingi.

Kazini, njia kubwa inayoingilia ni mkono kwenda mdomoni. Chapati, samaki wa kukaanga, chipsi, vyote vina mafuta, na umeshajua DOP inapenda nini. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kabla ya kula na kabla ya sigara kama unavuta. Usinawe kwa petroli wala tina. Zinaondoa mafuta ya asili ya ngozi na kufungulia mlango kila kinachofuata. Glovu za naitraili ndizo zinazofaa, zile nyembamba za hospitali za mpira wa asili zinavimba na kulegea. Ovaroli iachwe kazini. Ikibidi ije nyumbani, ifue mwenyewe, beseni lake peke yake, na mkeo asiishike.

Hatari ya pili ni joto. DOP baridi haitoi mvuke wa maana, lakini kwenye mashine inayofanya kazi kwa nyuzi 160 au 180 inapanda kama ukungu. Tazama juu, kwenye vyuma vya paa vilivyo karibu na mashine. Ukiona utando wa kahawia unaonata, au matone yanayodondoka, hayo ndiyo mnayovuta. Barakoa ya kitambaa haizuii. Panatakiwa feni ya kunyonya moshi, iwekwe pale pale moshi unapotokea, na kwa mtu anayesimama karibu, barakoa yenye kichujio cha mvuke pamoja na chembe. Kiwango cha sheria cha Marekani kazini ni miligramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa zamu ya saa nane. Na plastiki ikiungua ndani ya mashine, kinachokuwasha koo ni gesi ya asidi hidrokloriki kutoka kwenye PVC yenyewe. Hapo zima mashine, toka nje.

Ikimwagika sakafuni, funika kwa mchanga au unga wa mbao, zoa, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Kuipiga maji ni kuisambaza na kuipeleka mtaroni, na sakafu inabaki inateleza kama barafu. Nimeona watu wengi zaidi wakivunjika mikono kwa kuteleza kwenye DOP kuliko waliougua kwa njia nyingine yoyote.

Maziwa hayaondoi kitu. Ni chakula kizuri, yanyweni nyumbani na watoto, lakini hakuna maziwa yanayoitoa DEHP mwilini. Mwajiri anayewapa maziwa badala ya glovu na feni amewapunja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka awape vifaa vya kujikinga na awapime afya. Ombeni pia karatasi ya taarifa za usalama ya kemikali hiyo, msambazaji anayo. Mkienda kuongea, nendeni wawili au watatu, kwa adabu, na mpeleke na ile namba ya CAS.

Hapo ndipo namba inapokuwa na kazi. Ipo kemikali nyingine iitwayo DOTP, namba 6422-86-2. Ina kaboni 24, hidrojeni 38 na oksijeni 4, sawasawa kabisa na DEHP. Tofauti ni kwamba kwenye DEHP mikono miwili ya molekuli imeota bega kwa bega kwenye duara la kaboni, na kwenye DOTP imeota pande zinazokabiliana. Tofauti hiyo ndogo imetosha kuifanya isilete kwa panya yale madhara ya korodani. Inalainisha PVC karibu vile vile, na kwa mpira wa maji au mkeka mabadiliko ya fomula ni madogo. Labda unga utachelewa kunywa kidogo kwenye mikisa. Fundi mkuu wenu ataelewa. Ila msije mkaletewa pipa lililoandikwa jina jipya lenye namba ya zamani.

Mkeo akienda kliniki amweleze mkunga kuhusu pipa. Hakuna kipimo cha kukimbilia wala dawa ya kunywa, na wala asiishi kwa hofu. Walio wengi waliokutana na kemikali hii wamezaa watoto salama. Mtoto akizaliwa wa kiume, mwombeni mkunga ahakikishe korodani zote mbili zimeshuka na tundu la mkojo liko mahali pake. Zikiwa bado hazijashuka akifika miezi sita, mpelekeni kwa daktari wa watoto, linatibika.

Na pipa lenyewe: usilikate kwa gesi kutengeneza jiko au karai. Pipa lililofungwa lenye mabaki ya mafuta, likipigwa moto, mvuke wake hulipuka, hata kama mafuta hayo hayashiki moto wa kiberiti. Lirudishe kiwandani wakalipeleke kwa mtu mwenye kibali cha kukusanya taka za kemikali. Wakikataa, litoboe kitako matundu matano sita kwa nyundo na msumari mnene, mfuniko ukiwa umefunguliwa, lisishike tena maji ya mtu yeyote.